Sindano ya Tatu

Wazee walituachia neno fupi: kila mlango na ufunguo wake. Mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani ni habari ya makufuli. Lakini waliolisema walikuwa na maana kwamba kila jambo gumu lina namna yake ya kufunguka, na namna iliyofungua jana si lazima ifungue leo. Anayetembea na ufunguo mmoja maisha yake yote, iko siku atasimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, agonge na asifunguliwe. Yaliyompata Mama Ganzi ni ushahidi wa kutosha.

Jina la Mama Ganzi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wagonjwa. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kutia ganzi katika chumba cha upasuaji cha hospitali. Mtu akihitaji kupasuliwa chini ya kitovu, mama huyu humkunja mgongo, akamdunga sindano nyembamba katikati ya pingili za uti wa mgongo, na punde si punde miguu ya mtu huyo ikalala usingizi huku mwenyewe yuko macho akiulizia ndugu zake. Kabla ya kumpapasa mgonjwa alikuwa akisugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Alisema si haki kumshtua mtu mara mbili, mara ya kwanza kwa baridi na mara ya pili kwa sindano.

Ukutani mwa chumba kile palikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa, wino mweusi: SINDANO MARA MBILI. YA TATU NI YA MWENZAKO. Aliibandika miaka mingi nyuma, baada ya kumwona mkubwa wake mmoja akimdunga mgonjwa mara saba kwa sababu aliona aibu kuomba msaada. Siku ile kazi ya Mama Ganzi ilikuwa kumfuta mgonjwa machozi. Alipopata cheo, jambo la kwanza alilofanya ni kuandika karatasi ile. Tangu hapo, ukidunga mara mbili na usifike, unaiweka sindano chini na kumwita mwenzako, na hakuna anayekucheka. Nesi mzee wa chumba hicho, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, ndiye aliyehesabu kwa sauti. Akisema "mbili", hata daktari bingwa hunywea.

Mama Ganzi mwenyewe alihesabiwa "mbili" mara chache mno. "Tatu" hakuwahi kuikaribia.

Sasa, alikuwa na msaidizi, binti mwembamba mwenye maneno machache na macho makubwa, aliyefundishwa na yeye mwenyewe tangu alipokuwa hajui kushika bomba la sindano. Binti huyu alikwenda masomoni mwaka mzima, na aliporudi alirudi na tabia mpya. Mama Ganzi, mwalimu wake wa kwanza, alikuwa akiingia mgongoni kwa njia ya katikati, moja kwa moja, kati ya mfupa na mfupa. Yeye aliingilia kando, upana wa kidole kutoka mstari wa kati, kisha akaipandisha sindano kwa mshazari kuelekea ndani. Mwisho wa safari ni pale pale, ila milango ni miwili. Haikuchukua wiki, hospitali nzima ikawa inamwita Pembeni.

"Mwanangu," Mama Ganzi alimwambia siku moja wakinawa mikono, "nilikuonyesha barabara kuu, wewe unapita vichochoroni. Vichochoro ni vya wezi."

"Mama, barabara kuu ikifukuliwa, hata bwana mkubwa hupita kichochoroni."

"Imefukuliwa na nani? Mimi naipita kila siku."

"Haya mama," Pembeni alisema akicheka, "mimi nitakusubiri huko mbele."

Wakubwa wa hospitali waliusikia ubishi huo wakaona una faida. Walitaka kujua ni njia ipi wafundishwe wanafunzi wapya. Basi wakaagiza njia hizo zilinganishwe kwa miezi mitatu. Kila mgonjwa aliambiwa, na akikubali, Shangazi huchomoa karatasi kwenye kopo la biskuti: katikati au pembeni. Kisha huandika katika daftari la jalada la buluu: amedungwa mara ngapi, imechukua dakika ngapi, kesho yake aliumwa kichwa au la.

Wiki ya pili akaletwa mama mjamzito, mnene wa kupendeza, mwenye kucheka hata uchungu ukimbana. Karatasi ikasema pembeni. Pembeni akadunga mara moja, akagonga mfupa. Akadunga tena, akapotea, maana katika mwili ule kando na katikati vilifanana. "Mbili," akasema Shangazi. Binti akaiweka sindano chini pale pale, akasema, "Mama, karibu," kwa sauti ile ile ambayo mtu humkaribisha mgeni kiti. Mama Ganzi akamwinamisha mgonjwa, akaufuata mstari wa kati kwa dole gumba kama anayesoma maandishi, akafika mara moja. Mtoto akazaliwa akilia kwa nguvu.

Jioni hiyo Mama Ganzi alirudi nyumbani kichwa juu. Mumewe alikuwa fundi wa kushona makochi na magodoro, mzee wa miaka sabini na mbili, mwenye karakana yake mbele ya nyumba. Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe siku za furaha. Siku za hasira alimwita "baba yao".

"Fundi, leo nimemwonyesha yule binti kwamba katikati ni katikati."

Fundi alikuwa ameinamia kochi la zamani, sindano mdomoni. Akaitoa. "Kwani aliuliza?"

"Hakuuliza, lakini amejibiwa."

Fundi akakohoa kwanza. Miaka hamsini ya kujaza magodoro kwa pamba na sufi ilikuwa imejaza na mapafu yake vumbi, akawa hawezi kumaliza sentensi tatu bila kusimama njiani. Kisha akamsogezea mkewe kopo lake la sindano. Kulikuwa na ndefu za kupenya godoro, fupi nyoofu za kitambaa, na zile zilizopinda kama mwezi mwandamo.

"Niambie ipi bora," akasema.

Mama Ganzi akachukua ile nyoofu yenye kung'aa. "Hii."

"Bora kwa kochi lipi?"

"Baba yao, usinianze."

"Mimi nimeuliza tu. Hili hapa kamba zake za ndani zimekauka, zimekuwa kama ubao. Ukiingia nayo hiyo nyoofu utaivunja. Hii iliyopinda inapita ubavuni, kochi halina habari." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. Mkewe akamletea maji, akamshikia gilasi mpaka akamaliza.

Daftari la buluu liliendelea kujaa. Asiyependelea upande angeona jambo moja wazi: kwa vijana na wajawazito, katikati ilikuwa nyepesi; kwa wazee, pembeni ilifika mapema na kuwadunga mara chache. Shangazi aliliona. Pembeni aliliona akanyamaza, kwa heshima. Mama Ganzi naye alilisoma kwa jicho moja. "Ni mkono wako tu umezoea," alimwambia binti. "Na mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Mzee hafundishwi kutambaa."

Basi, wiki ya mwisho ya ulinganisho huo, Fundi alipanda kigoda kuteremsha jora la kitambaa. Kigoda kikateleza. Jirani alisikia kishindo, akamkuta amelala juu ya rundo la sponji, mguu mmoja umegeuka nje, naye anasema, "Usininyanyue. Nenda kamwite mke wangu, lakini mwambie taratibu, asije akakimbia akavunjika na yeye."

Picha ya eksirei ilionyesha nyonga imevunjika. Daktari wa mifupa, mtu mkweli asiyejua kupamba maneno, alimwita Mama Ganzi kando.

"Asipopasuliwa, hatatembea tena, na mapafu haya yakilala kitandani miezi miwili yatajaa maji. Nikimpasua kwa nusukaputi, alale kabisa, sina hakika kama mapafu yatakubali kumwamsha. Imebaki ganzi ya mgongo. Ikishindikana hiyo, mama, sitampasua. Nani atamdunga?"

"Mimi."

"Ni mume wako."

"Ndiyo maana."

Daktari akaenda kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Fundi akasema, "Miaka arobaini na nne ananidunga kwa maneno na sijafa. Mwache anidunge sindano." Kisha akamtazama mkewe, mzaha ukamtoka usoni. "Niliahidiwa na yeye. Alisema nikipatwa na lolote, mkono wake ndio utakaonigusa."

Asubuhi ya upasuaji Shangazi alileta kopo la biskuti kwa mazoea. Mama Ganzi akaufunika mfuniko kwa kiganja. "Huyu hachomolewi karatasi. Huyu ni wangu. Katikati." Pembeni alimvalisha Fundi soksi nene alizokuja nazo kutoka kwake, maana chumba kile kilikuwa na baridi, akalirudisha kopo mahali pake.

Wakampa dawa ya kupunguza maumivu, wakamlaza kwa ubavu. Mama Ganzi akasugua viganja, akaupapasa ule mgongo alioujua kuliko mgongo wowote duniani. Aliujua kwa kuusugua na kuukanda, na kwa kuulalia alipokuwa na ujauzito wa mtoto wao wa kwanza. Lakini hakuwahi kuupapasa kama mgongo wa mgonjwa. Miaka hamsini ya kuinamia makochi ilikuwa imeupinda kama mpini wa mwavuli na kuzibana pingili zake kama meno ya mtu mwenye hasira. Nyonga iliyovunjika ilimzuia kukunja magoti. Akanawa, akavaa glavu, akausafisha mgongo kwa dawa, akatia ganzi kidogo ya ngozi, kisha akashika sindano yenyewe.

"Jikunje kidogo, Fundi. Toa mgongo nje."

"Nimeutoa. Kazi iliyobaki ni yako."

Sindano ya kwanza iliingia kidogo tu, ikakwama. Haikuwa mfupa. Ilikuwa kama kudunga soli ya kiatu kikuukuu. Akaielekeza juu, akaielekeza chini. Soli. Akaitoa.

"Moja," akasema Shangazi kwa sauti ndogo.

Akapanda pingili moja juu. Jasho likamtoka chini ya kofia ya kitambaa, na Pembeni akamfuta kwa pamba bila kuombwa. Sindano ya pili ikaingia, ikakwama pale pale. Fundi alikuwa amekakamaa mwili mzima, amebana pumzi asikohoe na kuharibu kazi ya mkewe.

"Mke wangu," akasema akiutazama ukuta, "umefika ubaoni."

"Nyamaza, usitikisike."

"Mimi nimenyamaza. Ubao ndio unaosema."

Akaitoa. Ikasikika mashine ikihesabu mapigo ya moyo wa Fundi. Shangazi alikuwa amefanya kazi na Mama Ganzi tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Mbili, mama."

Mkono wa Mama Ganzi ulikuwa tayari umeinuka kuelekea sinia, mahali ilipo sindano ya tatu. Nani angemzuia? Daktari wa mifupa alitazama kando. Shangazi aliinamisha kichwa. Karatasi ukutani ilikuwa yake, na aliyeiandika angeweza kuifuta. Alitaka sana kuichukua sindano ile. Aliahidi. Na ikiwa mkono wake wa miaka thelathini na mmoja umeshindwa kuufungua mgongo wa mumewe, huyu binti wa juzi atamfanya nini? Wakishindwa wote wawili, mzee wake atarudishwa wodini, atalala, na kifua kitaanza kujaa.

Akainua macho, akakutana na macho ya Pembeni. Hayakuwa na ushindi. Yalikuwa yamelowa. Hapo akaikumbuka sauti ya binti huyo siku ya yule mama mjamzito: "Mama, karibu." Aliiweka sindano chini bila kununa, na mtoto akazaliwa. Akakumbuka na lile kopo la Fundi. Bora kwa kochi lipi?

Akaushusha mkono. Ulikuwa mzito kama uliobeba ndoo.

"Mwanangu," akasema, "karibu. Ya tatu ni ya kwako."

Pembeni akaenda kunawa. Mama Ganzi akavua glavu, akawa hajui asimame wapi. Miaka yote hiyo mahali pake palikuwa nyuma ya mgonjwa. Shangazi ndiye aliyemsukumia kigoda kwa mguu, upande wa pili wa kitanda, mbele ya uso wa Fundi. Akakaa. Uso kwa uso, pua zikakaribia kugusana.

"Kumbe upo," Fundi akasema.

"Nilikuwepo muda wote."

"Ulikuwa nyuma. Mimi nilikuwa naongea na ukuta." Akamtazama vizuri. "Unalia?"

"Ni dawa ya kusafishia, inachoma macho."

"Sawa. Na mimi yangu ni dawa."

Mama Ganzi akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Baba yao, usibane pumzi. Ukitaka kukohoa, kohoa sasa, tutakusubiri. Sina haraka na wewe."

Fundi akakohoa, mara nne, tano, mpaka akaridhika. Kisha akashusha pumzi ndefu, na yale mabega yaliyokakamaa tangu asubuhi yakalegea. Huko nyuma Pembeni aliuona mgongo ukitulia chini ya mkono wake. Alikuwa amesugua viganja kabla ya kunawa, kama alivyofundishwa. Akausafisha tena, akapima upana wa kidole kutoka mstari wa kati, akaanza kuipandisha sindano mpya kwa mshazari, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu kupitia mlango wa uani. Ikagusa mfupa kidogo. Akairudisha nyuma bila kuitoa, akaibadilisha uelekeo kiasi cha unene wa kucha. Ikapita. Akasikia ule mpenyo mdogo ambao mikono ya kazi hiyo huusikia kabla ya masikio.

Akachomoa uzi wa chuma uliokuwa ndani ya sindano, akasubiri. Likatokea tone moja la maji ya uti wa mgongo, jeupe, safi kama machozi. Kisha la pili.

"Maji, mama," akasema.

"Yawe yanatiririka vizuri kwanza," Mama Ganzi akajibu bila kugeuka. Ualimu haustaafu. "Haya, sukuma dawa. Taratibu."

Baada ya dakika chache Fundi akasema miguu yake imepata joto kama iliyoanikwa juani, kisha akasema haisikii tena. Upasuaji ukaanza. Mama Ganzi hakuuachia mkono wake hata mara moja. Katikati ya kazi Fundi akasikia nyundo ikigonga upande wa pili wa pazia.

"Nani anapigilia misumari huko?"

"Ni mimi, mzee," akajibu daktari wa mifupa.

"Piga taratibu, fundi mwenzangu. Mbao hiyo ni ya zamani."

Hata daktari yule asiyejua mzaha alicheka mpaka akasimamisha mkono.

Siku ya tatu Fundi alisimama kwa gongo, akapiga hatua nne, akalalamika kwamba godoro la wodi limeshonwa na mtu aliyekuwa na usingizi. Mapafu yalikuwa yale yale, mabovu kama kawaida, lakini yalikuwa yakipumua.

Ulinganisho ukafika mwisho. Mama Ganzi akaliomba daftari la buluu, akakaa nalo mchana kutwa, safari hii akalisoma kwa macho yote mawili. Wakubwa walikuwa wameuliza: njia ipi wafundishwe wanafunzi? Mahali pa jibu akaandika kwa herufi zake kubwa: WAFUNDISHWE ZOTE MBILI. NA WAFUNDISHWE KUIWEKA SINDANO CHINI. Kisha akaenda kumtafuta Pembeni, akamkuta anakunja nguo za kazi.

"Nimebakiza miezi mitatu na nusu," akasema. "Inatosha kujifunza kichochoro kimoja?"

Binti akaziachia nguo zikaanguka. "Mama, wewe utakimaliza kwa wiki."

"Usinisifu. Nifundishe. Na nikikosea niambie, usinionee aibu."

Fundi aliposikia hakusema "nilikwambia", ingawa maneno hayo yalikuwa yamemkaa mdomoni kama sindano zake. Akiwa bado hawezi kusimama muda mrefu, alikaa karakanani akamshonea mkewe mgongo wa bandia. Ulikuwa wa sponji, ndani yake pingili za vigurudumu vya uzi vilivyopangwa mstari mmoja, na juu ya mstari huo akashona kipande cha soli ya kiatu. Jioni Mama Ganzi huuweka mapajani, akadunga kando, kwa mshazari, na Pembeni huja kumwangalia. Zikifika mara mbili hajapita, mzee kutoka kwenye kiti chake huhesabu kwa sauti, "Mbili!" naye humpa binti sindano ile, wakacheka wote watatu.

Mwezi wa mwisho kabla ya kustaafu, akaletwa bibi kikongwe aliyevunjika nyonga, mgongo wake mgumu kama gogo. Pembeni akasogea. Mama Ganzi akamgusa bega. "Ngoja, mwanangu. Niache nijaribu mlango wa uani." Akasugua viganja, akanawa, akaingilia kando, na mara ya kwanza tu tone likatokea, safi. Shangazi akafungua mdomo kuhesabu, akakuta hakuna cha kuhesabu. Mchana huo huo alipoletwa kijana wa kupasuliwa ngiri, mgongo wake ukiwa laini kama wa samaki, Mama Ganzi alirudi katikati, kwenye barabara yake kuu, na huko pia akafika. Kweli wazee hawakukosea: kila mlango na ufunguo wake.